Pembe si mpini

Alfajiri za masika, umande ukiwa bado umelalia mabua, baba mdogo huingia zizini mikono mitupu. Fimbo huiacha mlangoni. Humsogelea Hodari kwa upande wa kushoto akimsemesha kwa sauti ya chini, kisha humpitishia kidole gumba kuzunguka shina la pembe, pale manyoya yanapoishia na ugumu unapoanza. Anatafuta joto. Anatafuta unyevu, uvimbe, kupe aliyejificha. Akimaliza hukinusa kidole, hukifuta, na kuhamia pembe ya pili. Sukari, mwenzake wa nira, naye hukaguliwa vivyo hivyo. Nira haiguswi mpaka pembe zote nne ziwe zimepita mkononi mwake.

Zizi hilo liko Handeni, si mbali na barabara kuu inayotoka Chalinze na kupita Mkata na Kabuku kabla ya kufika Segera, ambako njia moja huenda Tanga mjini na nyingine Korogwe. Kulima kwa ng'ombe si urithi wa ukoo wetu. Babu alilima kwa jembe la mkono maisha yake yote, na baba mdogo ndiye wa kwanza kwetu kufunga maksai nira. Huu ukaguzi wa pembe aliuanza baada ya hasara, na siku ya hasara mimi nilikuwapo.

Hodari alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi, ameshahasiwa, mwenye shingo nene na nundu iliyosimama vizuri. Ilikuwa siku ya tatu ya kumfundisha. Walimfunga kwenye mwembe kwa kamba ya mkonge iliyozungushwa kwenye pembe zote mbili, fundo likakazwa, ili azoee kusimama. Wengi hufanya hivyo, na mimi nilipoona sikuona kosa. Pikipiki ikapita njiani ikipiga mlio. Hodari akarudi nyuma kwa uzito wake wote, kichwa kikapinda, tukasikia mlio kama wa tawi bichi linalovunjika. Pembe ya kulia ikabaki kwenye kamba. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama hatua nne kutoka mtini, anatikisa kichwa, na mahali pa pembe pamebaki kitu chekundu, chembamba, chenye umbo lile lile la pembe, kinachochuruzika damu kila upande.

Nililichukua lile ganda kamba ikiwa bado imelishika. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na ndani lilikuwa na joto. Ukuta wake wa ndani ulikuwa na utelezi na mistari myembamba mno iliyokwenda kwa urefu. Mpaka siku hiyo nilidhani pembe ni kitu kimoja kigumu kuanzia shinani hadi nchani, kitu cha jamii ya mti au jiwe. Nilikuwa nimeishi na ng'ombe tangu utotoni na sikulijua jambo hilo.

Pembe ya ng'ombe ni vitu vitatu vilivyovishwa kimoja juu ya kingine. Katikati kuna mfupa, na mfupa huo ni sehemu ya fuvu lenyewe, umechomoza kutoka kwenye mfupa wa paji. Juu ya mfupa kuna utando wenye mishipa mingi ya damu na ya fahamu. Juu kabisa ndipo lilipo ganda, ambalo ni keratini, kitu kile kile cha kwato na cha kucha zetu. Ganda lenyewe halina uhai, lakini kinacholizalisha ni hai na kinauma. Mtu aliyewahi kung'oka ukucha wa kidole cha mguu anayajua maumivu ya Hodari siku ile, ila ayazidishe kwa ukubwa wa pembe.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawaambiwi. Ndama anapozaliwa, kichipukizi cha pembe kiko kwenye ngozi tu, hakijashikana na fuvu. Hushikana akiwa na umri wa miezi miwili hivi. Akivuka nusu mwaka, ule uwazi wa hewa ulio ndani ya paji la uso, ambao waganga huuita sainasi, huanza kupanuka na kuingia ndani ya mfupa wa pembe. Kwa hiyo maksai mzima ana chumba cha hewa ndani ya pembe yake. Chumba kimeungana na paji, na paji limeungana na pua. Pembe ikivunjika karibu na shina, dirisha limefunguka kwenye fuvu la mnyama. Vumbi litaingia, mvua itaingia, mainzi wataingia.

Mfupa wa ndani wa Hodari ulikuwa na ufa karibu na shina. Hatukuuona kwa damu. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri oili chafu ya trekta, na ikapakwa. Mainzi walikaa mbali siku mbili, kisha wakarudi, na baada ya mainzi wakaja funza. Wiki ya tatu Hodari alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, jicho la upande huo limefumba nusu, na tundu moja tu la pua linatoa usaha mzito wenye harufu mbaya. Afisa mifugo alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kugonga paji la uso kwa ncha ya kidole, kushoto kisha kulia. Kushoto palilia kama mtungi mtupu. Kulia palikuwa na mlio mfu, kama mtungi uliojaa. Hakuhitaji kipimo kingine kujua chumba kile kimejaa usaha.

Alimchoma sindano ya ganzi katikati ya jicho na pembe, kwenye ule ukingo wa mfupa unaoshikika ukipapasa. Mshipa wa fahamu wa pembe unapita hapo. Akasubiri dakika 10 kabla ya kugusa kitu. Kisha akaondoa vipande vya mfupa vilivyokufa, akaosha mle ndani kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe kiasi, akaanza sindano za antibayotiki ambazo ziliendelea siku kadhaa. Hodari alipona. Lakini masika yote yalipita bila yeye kuingia shambani, na heka tatu za mahindi zililimwa kwa mikono, watoto wakiwemo, huku mvua ikitutangulia.

Ni rahisi kusema baba mdogo alipaswa kujua. Angejifunzia wapi? Mkoa wa Tanga haukukulia kwenye plau kama Usukumani, Singida au Mbeya. Sababu moja kubwa ni ndorobo. Vichaka vya Handeni vimekuwa makao yake tangu zamani, na nagana, ugonjwa anaoueneza, humkausha ng'ombe damu mpaka nira inamshinda. Si ajabu kwamba Tanga mjini ndiko kuliwekwa kituo cha utafiti wa ndorobo, ambacho leo kiko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Miaka ya 1980 kulikuwa na jitihada za kuwaingiza wanyamakazi mkoani, chini ya TIRDEP, mpango wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi, na Korogwe na Handeni zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofikiwa. Plau zilikuja, minyororo ikaja, mafunzo yakaja. Mafunzo ya aina hiyo kwa kawaida hukazia shingo, nira, kwato na chakula, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa huko ndiko nguvu inakotoka. Pembe hupita kama kitu cha kushikia.

Na hapo ndipo kilipo kiini cha jambo. Tumeifanya pembe kuwa mpini. Ng'ombe akigoma, tunamkamata pembe. Akilazwa chini kwa sindano, mtu anakalia shingo na mwingine anapindua kichwa kwa pembe. Akisafirishwa kwenye Fuso, pembe zinafungwa kwenye vyuma vya bodi, gari likipiga breki uzito wote unaishia kwenye shina. Kuna wanaounganisha pembe za ndani za maksai wawili kwa kamba fupi ili wasigeuzane vichwa. Mmoja akijikwaa, anamng'oa mwenzake. Katika yote hayo hakuna ugonjwa. Kuna kamba, na kuna mkono wetu ulioifunga.

Kamba yenyewe inastahili kuangaliwa. Ukitoka Segera kwenda Korogwe unapita katika nchi ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mmea huo uliingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 nchi nzima ilipata zao, na sisi wa Handeni na Korogwe tukapata kamba ya bei nafuu iliyo karibu na kila mlango. Ni kamba imara. Lakini nyuzi za mkonge hunywa maji, na zikinywa maji hunenepa, na kamba ikinenepa hufupika. Fundo ulilolifunga jioni likiwa kavu, ukaona kidole kinapita chini yake, likilala kwenye umande au likanyeshewa usiku, asubuhi kidole hakipiti tena. Hakuna aliyelikaza. Limejikaza lenyewe, usiku kucha, kuzunguka ile ngozi laini inayozalisha pembe. Jua likipanda, kamba inakauka na kulegea, na wewe unayekuja saa nne unaona kamba iliyo sawa tu. Jeraha liko chini yake.

Nimelikagua jambo hili kwa macho yangu kwenye kamba mpya, nimeiloweka ndooni usiku mmoja, na tangu hapo siwezi kuiona kamba ya mkonge kwenye pembe nikanyamaza. Nailoni haijikazi hivyo, lakini ni nyembamba na inateleza, na ng'ombe akivuta kwa ghafla inaunguza ngozi kwa msuguano. Kwa hiyo kubadili kamba pekee hakutoshi. Ni kuiondoa pembeni kabisa. Hatamu ya kamba nene, inayopita nyuma ya masikio na chini ya pembe, ikazunguka mdomo juu ya pua, na fundo lisilojikaza likakaa chini ya taya, inamwongoza maksai vizuri kuliko kamba ya pembe, kwa sababu ng'ombe hufuata pua yake. Sehemu inayopita juu ya pua izungushiwe kitambaa cha pamba. Mzee mwenye ng'ombe wawili anaweza kuzisokota hatamu mbili kwa jioni moja akiwa anazungumza na wageni.

Na tushukuru kwamba kwetu nira hukaa shingoni, mbele ya nundu. Hispania, na sehemu nyingi za Amerika ya Kusini, nira hufungwa kichwani kwa mikanda ya ngozi inayozungushwa kwenye pembe, na mzigo wote wa mkokoteni huvutwa na kichwa. Afrika Magharibi pia, Guinea na sehemu za Senegal, ambako kuna ng'ombe wa N'Dama wasio na nundu, nira ya kichwani inajulikana. Huko pembe ni sehemu ya mtambo, na ng'ombe mwenye pembe mbovu hana kazi. Ng'ombe wetu, huyu zebu wa pembe fupi, anaweza kulima hata akiwa hana pembe kabisa. Hata hivyo waendeshaji wazoefu huzipenda pembe kwa sababu moja ya haki: mkokoteni unapowasukuma ng'ombe kwa nyuma kwenye mteremko, au unapowarudisha nyuma, pembe huizuia nira isichomoke kichwani. Vilima vya Handeni vinajua kumkumbusha mtu hilo.

Pembe ikivunjika, saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Damu hutoka kwa kuruka, maana mishipa iko karibu, na watu hutishika. Kandamiza kwa kitambaa safi. Ikiwa haikomi, kamba inaweza kufungwa kwa muda chini kabisa ya shina, pembe zote mbili kwa umbo la nane, na ifunguliwe damu ikishatulia. Hiyo ndiyo kazi pekee halali ya kamba kwenye pembe. Kama ni ganda tu lililochomoka na mfupa ni mzima, osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, paka ayodini, zungushia kitambaa ukikiegemeza kwenye pembe ya pili ili kisidondoke, na pembezoni, mbali na kidonda chenyewe, paka mafuta ya mwarobaini kufukuza mainzi. Kama unaona tundu, au pumzi inatoka na kuingia pale, usimimine kitu chochote ndani. Si mafuta ya taa, si maji ya betri, si dawa ya unga, si oili. Funika, mweke kivulini mbali na vumbi na pumba, mpigie daktari wa mifugo. Mwulize pia habari ya pepopunda, maana kidonda kirefu kwenye zizi lenye mavi ni nyumba yake.

Si kila shida ya pembe huja kwa kishindo. Kupe wa masikio, yule anayeeneza ndigana kali, wakiwa wengi hupanda na kujikusanya kwenye shina la pembe, ambako mkono wa mpuliza dawa haufiki vizuri. Wakikaa hapo ngozi inachubuka, na kamba ikija juu yake kidonda kimeshaanza. Unapoogesha, geuza bomba na upulize nyuma ya pembe kwa makusudi. Ng'ombe mwenye nagana naye huchelewa kupona kidonda chochote kwa upungufu wa damu. Nimeona mchubuko wa wiki moja ukakaa miezi miwili kwa sababu hakuna aliyefikiri kupima damu.

Tena kuna ugonjwa ambao kwetu hauzungumzwi, nami nautaja kwa sababu maksai wa kazi ndio waathirika wake wakubwa pale unapojulikana sana. India kuna saratani ya pembe. Huwapata zaidi maksai, ng'ombe wa Kankrej wa Gujarat wakiwa mfano unaotajwa mara nyingi, na kwa kawaida wakiwa na umri wa kati ya miaka 5 na 10, yaani katika miaka yao bora ya kazi. Wataalamu wanashuku mambo kadhaa kwa pamoja: msuguano wa kamba na nira unaorudiwa mwaka hadi mwaka, jua kali, rangi zinazopakwa kwenye pembe, na mabadiliko ya mwili yanayotokana na kuhasiwa. Dalili zake mwanzoni hazina makeke. Ng'ombe anatikisa kichwa, anajikuna pembe moja kwenye nguzo, anakiinamisha upande mmoja, damu kidogo inatoka puani. Kisha pembe inalegea na kuning'inia bila kupigwa. Pembe inayolegea bila ajali, usisubiri ikauke. Ita mtaalamu siku hiyo hiyo.

Wazee hupima ugonjwa kwa kushika pembe: ikiwa ya baridi wanasema ng'ombe anaumwa. Nawaheshimu, lakini hapa nataka tuongeze kitu. Damu inayopita kwenye pembe humsaidia ng'ombe kupunguza joto la mwili, kwa hiyo pembe hupoa na kupata moto kulingana na saa, upepo na kazi. Asubuhi ya Julai kila pembe Handeni ni ya baridi. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya pembe mbili za ng'ombe mmoja. Moja ikiwa na joto shinani na nyingine haina, huko ndiko uangalie. Homa ya mwili mzima ipimwe kwa kipimajoto. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na nusu.

Kosa la kuisingizia pembe lina historia ndefu. Marekani, karne ya 19, wakulima waliamini kuna ugonjwa wa pembe tupu. Ng'ombe akikonda mwishoni mwa majira ya baridi, walimtoboa pembe kwa keekee, wakikuta ndani kuna uwazi wakasema wameuona ugonjwa, na kumwaga tapentaini humo. Pembe ya kila ng'ombe mzima ina uwazi. Yule ng'ombe alikuwa na njaa. Nikiwaona maksai wetu mwezi wa Februari, mbavu zikihesabika, vuli imewapita juu juu na masika hayajaanguka, nawakumbuka wale. Pembe hutengenezwa na chakula. Protini ikipungua, madini kama zinki na shaba yakipungua, ganda huota dhaifu na huacha mfereji unaozunguka pembe, na mfereji huo haufutiki. Mtu anayejua kusoma pembe anaweza kukaa mnadani akakuonyesha miaka ambayo ng'ombe aliumwa au alikosa malisho, na hapo utajua unanunua nini. Majani ya kunde na maharage yawekwe akiba baada ya mavuno, lukina ipandwe kwenye mpaka wa shamba, na jiwe la chumvi lisikose zizini. Mabua matupu ya mahindi hujaza tumbo tu.

Kuhusu kukata. Maksai wawili wa nira moja wanaweza kuchomana macho, na ncha kali zinapaswa kupunguzwa. Ncha ya pembe ni keratini tupu, haina damu, na tupa ya kawaida inaizungusha vizuri bila ng'ombe kushtuka, kidogo kidogo, akiwa amesimama kwa utulivu. Ukiona rangi ya waridi umepitiliza. Kukata pembe nzima kwa msumeno ni upasuaji, kwa sababu ya kile chumba cha hewa na ule mshipa wa fahamu, na upasuaji bila ganzi ni ukatili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, na ningependa kuona inasomwa katika mikutano ya vijiji kama zinavyosomwa sheria za ardhi. Anayetaka ng'ombe wasio na pembe aanze na ndama, kabla ya ile miezi miwili, kichipukizi kikiwa bado kwenye ngozi, na kazi hiyo aifanye mtu aliyefundishwa, kwa ganzi.

Hodari leo anavaa hatamu. Kidonda kilipofunga, ganda jipya lilianza kuota juu ya kile kilichobaki, jembamba, la kijivu, lenye mikunjo, limepinda kuelekea nje kama kidole kilichovunjika kikaunga vibaya. Baba mdogo humfunga upande wa kulia wa nira ili pembe hiyo iwe nje, mbali na jicho la Sukari. Msimu uliopita walilima heka zetu tatu, kisha wakakodishwa kwa jirani, yule yule wa oili, ambaye alikuja kuwachukua akiwa ameshika hatamu zake mwenyewe mbili, mpya, amezisokota nyumbani.

Ganda la zamani limetundikwa kwenye msumari ndani ya banda la zana, kamba ya mkonge ingali imelishika, fundo halijafunguliwa. Vijana wanaokuja kuomba kufundishwa kulima kwa ng'ombe hawapewi fimbo siku ya kwanza. Baba mdogo hulitungua lile ganda, humkabidhi kijana, humwambia aingize vidole ndani mpaka viguse mistari ile, na humwacha nalo kidogo kabla ya kumfungulia mlango wa zizi.